Msaada wa wafadhili: Ulitibu, lakini dozi ya kesho itatoka wapi?

Tangu serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mnamo Januari 20, 2025, na shirika la USAID kufungwa rasmi Julai 1 mwaka huo huo, kumekuwa na mabishano makali katika vibanda vya chai, ndani ya matatu na hata nje ya makanisa baada ya ibada. Wako wanaosema kwamba misaada hiyo ndiyo iliyokuwa uhai wetu na kwamba bila hiyo tumekwisha. Wengine wanasema ilikuwa kiinimacho kitupu, fedha ziliishia katika magari makubwa na semina za hotelini, na afadhali imekwenda zake.

Msomaji, mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida, wala si mtaalamu wa uchumi. Ninatibu watu Merigi, kaunti ya Bomet, huku kwenye mashamba ya majani chai, ambako wengi wa wagonjwa wangu huchuma chai na kungoja bonasi ya mwaka ili walipe karo na madeni. Nikiwa huku naona kwamba pande zote mbili za mabishano hayo zinachanganya maswali mawili yaliyo tofauti kabisa. La kwanza ni hili: Je, msaada ulileta nafuu? La pili ni hili: Je, nafuu hiyo itadumu aliyeileta akiisha kuondoka?

Daktari hulazimika kujiuliza maswali hayo kila anapoandika dawa. Chukua mfano wa presha. Naweza kumwandikia mzee mmoja dawa nzuri kuliko zote zilizopo, na presha yake ikashuka katika muda wa wiki mbili. Dawa imefanya kazi. Lakini kama mzee huyo hana fedha za kununua dawa ya mwezi ujao, presha itapanda tena, na huenda akaletwa siku moja akiwa amepooza upande mmoja. Je, tutasema dawa ilikuwa mbaya? La hasha. Dawa ilikuwa njema, bali mpango wa kuendelea nayo haukuwapo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa misaada mingi iliyoletwa katika nchi yetu.

Swali la kwanza: Ulileta nafuu?

Na tuanze na Ukimwi, kwa maana hapo ndipo fedha nyingi za afya kutoka nje zilipokwenda. Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alitangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi, yaani ARV, zilikuwa za watu wachache wenye uwezo. Waliobaki walikufa, na wengi wao walikuwa vijana na wazazi wenye watoto wadogo. Msomaji wa umri wangu hahitaji kukumbushwa jinsi matangazo ya vifo yalivyojaa redioni na jinsi nyanya walivyobaki kulea wajukuu.

Mwaka wa 2003 Rais George W. Bush alianzisha mpango wa PEPFAR, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi 15 zilizopewa kipaumbele. Huku kwetu, watafiti wa jeshi la Marekani, ambao wenyeji huwaita Walter Reed, walikuwa tayari wanafanya kazi Kericho pamoja na taasisi ya KEMRI, wakiwachunguza na kuwahudumia wafanyakazi wa mashamba ya chai. Huduma ya ARV ikasambaa kutoka hapo katika sehemu za kusini mwa Bonde la Ufa, Bomet ikiwemo. Leo zaidi ya Wakenya milioni moja wanameza dawa hizo. Mama mwenye virusi anazaa mtoto asiye navyo. Mchuma chai aliyekuwa amelala akingoja kufa aliamka akarudi shambani. Anayesema kwamba msaada huo haukufanya lolote hakuwa akiingia wodini miaka ile.

Hata hivyo, si kila mradi unaoweza kujisifu hivyo. Wafadhili wengi, na maofisa wetu pia, hupenda kuhesabu vitu vilivyotolewa: vyandarua elfu kadhaa, semina kadhaa, vipeperushi kadhaa. Hizo ni hesabu za stoo, si hesabu za afya. Daktari hahesabu vidonge alivyotoa, bali huangalia kama homa imeshuka. Zaidi ya hayo hujiuliza kama homa ingeshuka yenyewe hata bila vidonge.

Namna ya kujibu swali hilo la mwisho ilionyeshwa vizuri hapa hapa Kenya. Mwaka wa 1998 mradi wa dawa za minyoo ulianza Busia katika shule za msingi 75. Kwa kuwa shule zote hazingeweza kufikiwa kwa pamoja, ziligawanywa katika makundi matatu, na kila kundi likaanza kwa zamu yake. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walilinganisha shule zilizotangulia na zile zilizokuwa zikingoja. Waliona kwamba utoro ulipungua kwa karibu robo katika shule zilizopata dawa. Wataalamu wengine wamebishania ukubwa wa matokeo hayo, na hilo si jambo baya, kwani matokeo yakipimwa vizuri ndipo watu huweza kubishana kwa hoja. Mwaka wa 2019 Kremer na wenzake wawili, Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa sababu ya kupima miradi kwa njia ya namna hii.

Swali la pili: Utadumu?

Sasa twende kwa swali la kudumu. Kisa kinachojulikana sana ni kile cha Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Norway ilijenga huko kiwanda cha kugandisha samaki, kikakamilika mwaka wa 1981. Kilifanya kazi kwa siku chache tu, kisha kikafungwa. Kugandisha samaki katika joto lile kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama yake ilishinda bei ya samaki wenyewe. Baada ya miaka michache hata ghuba walimovuliwa samaki ilikauka. Jengo lilikuwa imara na mashine zilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema ni nani atakayelipa umeme kila mwezi.

Usidhani kwamba hayo ni mambo ya zamani ya samaki peke yake. Baada ya janga la Korona, vituo vingi vya afya vilipokea mashine za kutengeneza hewa ya oksijeni. Mashine hizo huokoa maisha, hasa ya watoto wenye nimonia. Lakini zinataka umeme usiokatika, chujio lisafishwe kila wiki, na fundi aliye karibu. Pale ambapo hakuna mmoja wa hao watatu, mashine hufunikwa kitambaa na kuwekwa pembeni, na mtoto mwenye nimonia akawekwa kwenye gari la kwenda hospitali ya mbali.

Yaliyotokea mwaka wa 2025 yalituonyesha udhaifu huo kwa ukubwa wake. Mwanzoni mwa mwaka ule kulikuwa na dawa ambazo zilikuwa zimekwisha kununuliwa na kufika nchini, lakini zikakaa ghalani jijini Nairobi kwa sababu fedha za kuzisambaza zilikuwa zimesimamishwa. Maelfu ya wahudumu waliolipwa na miradi waliachishwa kazi. Mitambo ya kuhifadhi habari za wagonjwa iliyumba.

Tazama vizuri, msomaji, ni kitu gani kilichokatika. Dawa ilikuwapo, mgonjwa alikuwapo, na kituo cha afya hakikuhama. Kilichokatika ni uzi uliowaunganisha: karani wa mafaili, mshauri wa wagonjwa, dereva, mtu wa maabara, kompyuta. Wote hao walikuwa wa mradi. Katika kiwanja kimoja cha hospitali, mwenye virusi alikuwa na jengo lake, faili lake na wahudumu wake, huku mwenye kisukari akipanga foleni upande wa pili mbele ya muuguzi mmoja aliyechoka. Utaratibu huo uliharakisha kazi, na wakati wa janga haraka ilihitajika. Lakini ukiendelea hivyo kwa miaka 20, hospitali haijifunzi kufanya kazi ile. Inampangisha tu anayeifanya.

Tiba ya uongo: Mgonjwa alipe

Wakati mwingine husikia watu wakisema kwamba njia ya kuufanya mradi udumu ni kumfanya mwananchi alipe kidogo, ili auone kuwa wake. Maneno hayo yana sura ya hekima, lakini Kenya imekwisha kuyajaribu na matokeo yanajulikana.

Desemba 1989 serikali, kwa ushauri wa wakopeshaji wa nje, ilianza kutoza ada katika hospitali za umma. Katika kliniki kuu ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Kumbuka kwamba hayo yalitokea wakati virusi vya Ukimwi vilipokuwa vikisambaa, na kwamba ugonjwa wa zinaa usiotibiwa huvifungulia mlango virusi hivyo. Ada iliyokusudiwa kuokoa hospitali iliwarudisha nyumbani wale hasa waliopaswa kutibiwa kwanza.

Kule Busia jambo kama hilo lilijaribiwa mwaka wa 2001. Baadhi ya shule zilichaguliwa kwa kura ili wazazi wachangie kiasi kidogo cha gharama ya dawa za minyoo, wastani wa senti 30 hivi za dola kwa mtoto. Katika shule ambako dawa ilitolewa bure, asilimia 75 ya watoto waliimeza. Kule ambako wazazi walichangia, ni asilimia 18 tu. Isitoshe, masomo ya afya yaliyotolewa ili watoto waache tabia za kuambukizwa minyoo hayakuonekana kubadilisha tabia hizo. Miguel na Kremer walihitimisha kwamba imani kuwa mchango mdogo na mafunzo kidogo vitaufanya mradi ujitegemee ni ndoto.

Sababu yake si kwamba wazazi ni wajinga. Mtoto mwenye minyoo huambukiza jirani, na faida ya kumtibu huenda kwa kijiji kizima. Mzazi mmoja anapoombwa alipie faida ya kijiji kizima, hujivuta. Kwa hiyo kinga ya namna hii haiwezi kudumu kwa fedha za mfukoni mwa mgonjwa mlangoni pa kliniki. Itadumu kwa fedha za wote, zilizokusanywa kabla mtu hajaugua. Kwa maneno mengine, kwa kodi na bajeti.

Aina tatu za mwisho

Hapa ndipo ningependa ufikiri nami kwa makini. Tunapolaumu miradi yote kwamba haikujitegemea, tunafanya kosa la kudhani kwamba kila msaada unapaswa kuisha kwa namna moja. Magonjwa nayo hayaishi kwa namna moja.

Kuna ugonjwa wa kutibiwa ukaisha, kama malaria. Unameza dozi na kazi imekwisha. Msaada wa aina hii upo. Ndui ilipigwa vita dunia nzima kwa fedha na wataalamu kutoka mataifa mengi, na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida aliugua Somalia, jirani yetu, mwaka wa 1977. Mwaka wa 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha. Leo hakuna anayeuliza ni nani anagharamia kampeni ya ndui nchini. Kampeni iliisha kwa sababu ugonjwa uliisha.

Kuna pia mguu uliovunjika. Mgonjwa hupewa magongo, na kila wiki hukanyaga kwa nguvu zaidi hadi siku ya kuyaweka kando. Chanjo za watoto ni za aina hii. Kenya ilianza mpango wake wa chanjo, KEPI, mwaka wa 1980, na tangu shirika la Gavi lilipoanzishwa mwaka wa 2000 limekuwa likitusaidia kununua chanjo mpya, huku sehemu yetu ya malipo ikiongezeka. Inatarajiwa tujigharamie kabisa ifikapo mwishoni mwa mwongo huu. Tarehe hiyo inajulikana. Swali ni kama mguu unafanyishwa mazoezi. Katikati ya mwaka wa 2025 akina mama katika sehemu nyingi za nchi walirudi nyumbani na watoto wachanga bila chanjo ya kifua kikuu wala matone ya polio, kwa sababu malipo yetu yalichelewa. Hiyo si dalili njema.

Tatu, kuna ugonjwa wa maisha, kama presha, kisukari, na sasa Ukimwi. Dawa huendelea hadi mwisho wa uhai. Aliyeanzisha msaada wa aina hii alianzisha deni la miaka 40, iwe alilijua au hakulijua. Mtu aliyeanza ARV akiwa na miaka 25 ana haki ya kuzimeza akiwa na miaka 65. Msaada wa namna hii hauwezi kupangwa kwa mikataba ya miaka mitatu mitatu, na nchi inayoupokea haiwezi kulala usingizi kana kwamba mwenye kulipa hatachoka.

Kwa hiyo kosa kubwa halikuwa kupokea misaada. Kosa lilikuwa kupokea bila kuandika itakavyoisha.

Mfano wa karibu

Watu wa Bomet wana mfano ulio karibu nao. Hospitali ya Tenwek ilianza mwaka wa 1937 kama zahanati ndogo ya wamishonari. Daktari wake wa kwanza wa kudumu, Mmarekani Ernest Steury, alifika mwaka wa 1959. Ujenzi ulitegemea fedha za nje, na hilo halifichiki. Lakini angalia kilichojengwa. Mwaka wa 1987 mtambo wa umeme uliwekwa kwenye maporomoko ya mto Nyangores karibu na hospitali yenyewe, ili upasuaji usitegemee jenereta na dizeli. Kisha wakaandaliwa watu. Tangu miaka ya 1980 wahudumu wa vijijini wamefundishwa kuhusu vyoo, maji na chanjo, na leo Tenwek inafundisha wauguzi na madaktari wapasuaji Waafrika ambao wanahudumu sehemu nyingi.

Sisemi kwamba Tenwek haina matatizo. Mgonjwa hulipa, na si wote wanaoweza kulipa. Bado wageni na michango huja kutoka ng'ambo. Lakini tofauti yake na Kalokol ni wazi. Huku umeme unatoka kwenye mto ulio hapo hapo, na ujuzi unabaki kwa watu wanaobaki. Ilichukua miaka 50 kutoka zahanati hadi mtambo wa umeme. Mradi wa miaka mitatu hauwezi kufanya hivyo, hata ukiwa na fedha mara kumi.

Lawama zetu wenyewe

Ni rahisi kumlaumu mfadhili. Anakuja na fomu zake, anachagua ugonjwa anaoupenda, anaajiri wauguzi wetu bora kwa mshahara ambao kaunti haiwezi kuulipa, kisha anaondoka. Yote hayo ni kweli. Mwaka wa 2005 nchi zinazotoa na zinazopokea zilikubaliana mjini Paris kwamba misaada ipitie katika mipango ya nchi yenyewe, lakini miradi mingi iliendelea kupita kando.

Lakini tuseme ukweli wote. Aprili 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya haijafika hapo. Mwaka wa 2020, katikati ya janga la Korona, wakala wa serikali wa kununua na kusambaza dawa, KEMSA, uliingia katika kashfa kubwa ya ununuzi. Mwaka uliofuata shehena ya ARV zilizotolewa bure ilikwama katika bandari ya Mombasa, serikali yetu ikidai kodi na mfadhili akikataa kupitisha dawa kwa wakala ule ule. Wagonjwa waliandamana barabarani wakidai dawa zao. Fikiri, msomaji: dawa ya bure, iliyokwisha kufika pwani yetu, ikazuiwa na mabishano ya wakubwa wawili.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ni kweli, lakini mwenye kuazima anapaswa pia kuulizwa alifanya nini na fedha zake za kununulia nguo.

Si kwamba hatuwezi. Mwaka wa 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini. Kazi ambayo kwa miaka mingi ilifanywa kwa kujitolea au kwa posho za miradi, sasa ina marupurupu ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Fedha hizo ni kidogo, lakini angalau zimeandikwa katika bajeti zetu wenyewe, ambamo mwananchi anaweza kuziulizia zikichelewa.

Vilevile, Desemba 4, 2025, Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa afya wa miaka mitano jijini Washington. Marekani imeahidi hadi dola bilioni 1.6, na Kenya imeahidi kuongeza matumizi yake ya afya kwa dola milioni 850. Mkataba huo ulifikishwa mahakamani mwezi huo huo kwa ajili ya hofu kuhusu siri za wagonjwa, na ni haki watu waulize. Lakini mimi ningependa uzitazame zile dola milioni 850. Hiyo ndiyo sehemu yetu. Kila mwaka wa fedha unapoanza, uliza imewekwa wapi.

Maswali ya kuuliza kabla ya utepe kukatwa

Pengine unasema, mimi niko Nairobi au Nakuru, nitafanya nini? Msomaji, wewe pia ni mfadhili. Unatuma fedha nyumbani, unachangia harambee ya zahanati, umo katika kikundi cha watu wa kwenu kinachotaka kununulia kituo cha afya mashine. Mara nyingi kikundi hununua mashine ya kupima sukari, kisha hupiga picha. Mashine hiyo ni rahisi. Vile vijiti vya kupimia ndivyo ghali, huisha upesi, na vya mashine moja haviingii katika nyingine. Baada ya mwezi mmoja mashine ni pambo la meza. Tofauti ya kosa hilo na lile la Kalokol ni ukubwa tu.

Kwa hiyo, iwe ni mradi wa serikali ya kigeni au wa kikundi chenu, uliza haya matano:

1. Tatizo hili lilichaguliwa na nani? Muuguzi anayefanya kazi pale alisema anahitaji nini kwanza?

2. Hali ikoje sasa, kabla ya mradi, na ni nani atakayepima tena baadaye? Kama hakuna aliyehesabu mwanzoni, hakuna atakayejua mwishoni.

3. Anayefanya kazi analipwa na nani, na mwaka wa nne atalipwa na nani?

4. Kikiharibika, fundi yuko wapi na spea zinauzwa wapi? Jibu likiwa ni ng'ambo, tafuta kifaa kingine.

5. Msaada huu ni wa aina gani: wa dozi inayoisha, wa magongo, au wa maisha? Na mwisho wake umeandikwa wapi?

Swali la tano lina mahali pa kulipeleka. Chini ya Katiba ya 2010 mwananchi ana haki ya kushiriki katika bajeti ya kaunti yake, na huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mikutano ya maoni hufanyika kabla ya hapo, na mara nyingi wanaofika huzungumzia barabara tu. Barabara ni muhimu, hasa kwa mkulima wa chai ambaye majani yake huharibika gari lisipofika. Lakini uliza pia: wahudumu waliokuwa wakilipwa na mradi uliofungwa, wangapi wamechukuliwa na kaunti? Maji ya kituo cha afya yametengewa shilingi ngapi za kukarabati bomba? Kama hakuna aliyekwenda kuuliza, fedha zitakwenda kwa aliyeuliza.

Neno kwa walio kwenye dawa

Kabla sijaweka kalamu chini, neno kwa wale wanaotumia ARV, dawa za kifua kikuu, au dawa nyingine zilizokuwa zikitolewa na miradi. Usiache dawa kwa sababu umesikia habari mbaya redioni. Virusi vikipata nafasi hurudi kwa nguvu, na huenda dawa uliyoizoea isiviweze tena. Usipunguze dozi ili ikae zaidi, wala usigawane vidonge na mwenzio. Rudi kituoni siku kadhaa kabla dawa haijakwisha, usingoje kidonge cha mwisho. Kama kituo chako kimefunga chumba kile cha zamani, uliza katika kliniki ya kawaida, na uombe barua ya kuhamishwa pamoja na nakala ya kumbukumbu zako. Usione haya. Wewe hukuomba sadaka. Umeombwa na daktari umeze dawa kila siku, nawe umeitikia kwa miaka mingi.

Wewe umetimiza sehemu yako. Sasa ni zamu ya bajeti yetu kutimiza yake.